Ditekta Ikilia Ovyo, Tufanyeje?

Wapendwa wanavikundi wa Migori na Pokot Magharibi, ditekta ya kutafuta dhahabu tumeinunua kwa jasho. Ikilia ovyo, tusikimbilie jembe. Shimo tupu ni siku iliyopotea.

Kwanza, tuinue koili hewani, itulie. Ikinyamaza, basi shida huenda ni mawe au udongo wenye chuma. Ikiendelea kulia, ni stima ya karibu au mashine yenyewe.

Pili, tuzime simu zote, tusogee mbali na nyaya za stima, seng'enge ya umeme na ditekta za wenzetu. Kelele ikipungua, mwizi tumemshika.

Tatu, isipopungua, tukague betri na waya wa koili. Waya ukazwe, usining'inie.

Nne, tubadilishe masafa kama mashine inaruhusu. Mwisho kabisa ndipo tupunguze ukali wake, kidogo kidogo. Tukipunguza sana, tutapita juu ya punje ndogo bila kujua.

Radi ikianza, tuzime twende nyumbani. Dhahabu haina miguu.

Swali la kujadili: Katika kikundi chetu, nani anakagua ditekta kabla ya kutoka?