Shahada ya Uhandisi na Deni Lake

Yafaa kijana akope ili ajifunze uhandisi? Tuanze na hesabu. Tangu mwaka 2016 sheria ya Tanzania yaagiza mdaiwa wa Bodi ya Mikopo akatwe asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Hapo kwanza ilikuwa 8.

Tutwae mfano wa deni la shilingi 12,000,000. Mwenye mshahara wa 1,000,000 hukatwa 150,000, naye atamaliza kwa miezi 80. Mwenye 600,000 hukatwa 90,000, naye atalipa zaidi ya miaka 11. Deni ni lile lile! Afadhali ile tozo ya asilimia 6 kwa mwaka, iliyolikuza deni, iliondolewa mwaka 2021.

Tena masomo ni miaka minne, na baada yake mhitimu hufanya kazi miaka mitatu chini ya wakubwa wake kabla ya kuandikishwa kuwa mhandisi mtaalamu. Basi mzazi asihesabu kwa mshahara wa mhandisi mzee amwonaye akipita na gari, bali kwa ule wa mwaka wa kwanza. Naye aliyejiajiri hakusamehewa; yampasa kulipa mwenyewe.