Motokari Inaondoka Namna Gani Bila Kuteleza?

Somo letu ni la fizike, lakini halitoki mbali.

Kamyo zinazotuletea maharagi toka Beni na Butembo zinapita Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende mbele ya kufika Kisangani. Wakati wa mvua, kamyo moja ikikwama, zingine zinapanga mstari nyuma yake, na sokoni bei inapanda. Watu wanasema: mota haina nguvu. Mara nyingi si kweli. Mota iko na nguvu ya kutosha, lakini mipira haishiki chini. Basi tutazame ile saa gari linasimama na linataka kuondoka.

Mpira unashika chini kwa sababu mbili: uzito unaoulalia, na namna ya udongo. Tuseme motokari ni ya kilo 1200, na magurudumu ya nyuma, yale yanayosukumwa na mota, yanabeba kilo 600. Uzito huo ni karibu nyutoni 6000. Kwenye lami kavu tunazidisha kwa 0.8 hivi: tunapata nyutoni 4800. Kwenye udongo mwekundu uliolowana tunazidisha labda kwa 0.25: tunapata 1500 tu. Sasa shofere anataka kuongeza mwendo wa metre 3 kwa sekonde, kila sekonde. Hesabu ni 1200 mara 3, ni kusema nyutoni 3600. Lami itamupa. Matope hayatamupa hata nusu! Akizidi kukanyaga, magurudumu yanazunguka bure.

Na hapo inakuwa mbaya zaidi. Mpira unaozunguka vizuri, ile sehemu inayogusa chini inasimama kwa kitambo kidogo, sawa mguu wa mtu anayetembea. Ukianza kuteleza, unashika kidogo kuliko mbele, tena unachimba shimo lake mwenyewe. Ndiyo maana shofere mwenye akili hafanyi makelele na mota. Anaingiza vitesi ya pili pahali pa ya kwanza, juu nguvu inayofika kwenye gurudumu ipungue, na anaacha ambreyaje pole pole. Kijana anayetaka kuonyesha nguvu za mota anaunguza ambreyaje katikati ya pori, na watu wote wanalala njiani pamoja naye.

Huko Marekani kuna mbio za motokari mbili kwa njia iliyonyoka, zamani nyingi metre 402. Huko pia mtu anaweza kushindwa katika kuondoka. Wanazungusha kwanza mipira ya nyuma mpaka inapata moto, kwa sababu mpira wenye moto unanata. Upepo wanatia kidogo sana: motokari za kawaida ziko na karibu kilo mbili, zile zenye mbio kupita zote ziko na nusu kilo hivi, ili mpira ulale chini kwa upana. Gari likiruka, uzito unarudi nyuma. Kwa motokari yetu ya kilo 1200, kama urefu kati ya magurudumu ni metre 2.5 na uzito uko nusu metre juu ya njia, mwendo ule wa 3 unaongeza kilo 72 hivi nyuma. Kwa pikipiki vilevile, abiria akikaa nyuma kidogo gurudumu linashika, lakini akizidi, la mbele linakuwa jepesi na usukani haufuati.

Mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, yalifundisha wengi jambo hili. Volkswagen ndogo, yenye mota nyuma juu ya magurudumu yanayosukuma, ilishinda mwaka ule wa kwanza. Katika matope mwenzake wa shofere aliweza kushuka, kupanda nyuma ya gari na kurukaruka juu yake. Mwaka 1968 magari 93 yaliondoka, yakafika 7 tu. Peugeot 404 ilikuwa ya kwanza.

Sisi hapa tunaweza kutia matawi, mawe madogo ao mchanga mbele ya magurudumu yanayosukuma. Hata mashine ya treni inabeba mchanga wa kumwaga juu ya reli, kwa maana chuma juu ya chuma kinateleza. Kupunguza upepo kidogo kunasaidia pia katika matope, lakini kamyo yenye mizigo isikimbie hivyo: mpira unapata moto na kupasuka. Urudishe upepo mbele ya kuendelea. Na wanaosukuma wasisimame nyuma ya gurudumu linalozunguka. Ubao ukishikwa unaweza kuruka na kuvunja mguu wa mtu.

Zoezi: kamyo ni ya kilo 10000, nyuma inabeba 7000, udongo ni 0.25. Inaweza kuongeza mwendo kwa kiasi gani? (Tunaacha kwanza matope yanayozuia magurudumu ya mbele.) Kisha musogeze mizigo mbele, nyuma ibaki na 5000, mufanye hesabu tena.