Kazi ya Habari za Televizioni: Furaha Yake Inatoka Wapi?



Mwezi uliopita mwalimu alitupa sisi wafinalisti kipande cha karatasi, kila mmoja aandike kazi anayotaka kufanya baada ya Diploma ya Serikali. Wengi waliandika munganga, mwuguzi, mwalimu. Mimi niliandika: kazi ya habari za televizioni. Wenzangu walicheka sana. Mmoja alisema, «Weye unataka watu wakuone sura tu!» Nyumbani nako mama aliniuliza kwa upole, «Mwanangu, ISTM iko hapa karibu, uuguzi ni kazi ya kueleweka. Hii ya televizioni itakulisha?»

Sikuwa na jibu zuri. Ndiyo maana nimesoma, nimeuliza wakubwa, na leo naleta somo hili. Silileti kwa ajili yangu peke yangu. Kila mmoja wetu atafika mbele ya maulizo haya mawili: kazi inampa mtu furaha kwa sababu gani? Na mahali pazuri pa kazi panajulikana kwa alama gani?

1. Tujue kwanza kazi yenyewe

Tukienda kutazama habari za saa mbili ya usiku kwa jirani mwenye paneli ya jua, tunaona mtu mmoja amevaa koti na kufunga karavati. Tunafikiri kazi yote ni yake. Kumbe nyuma yake kuna kundi zima. Kuna mwandishi aliyekwenda mahali pa tukio, mpiga picha, fundi wa sauti, mtu wa kukata na kuunga picha, dereva, fundi wa mitambo, na mkubwa wa chumba cha habari anayesoma maneno kabla hayajatoka. Habari ya dakika mbili inaweza kula siku nzima: kwenda, kungoja, kuuliza, kurudi, kuchagua picha, kuandika, kuandika tena. Na kesho watu wamekwisha kuisahau.

Basi mtu anayetafuta kuonekana atapata furaha kidogo sana, maana wengi wa kundi hilo hawaonekani hata siku moja.

2. Mfano wa mtu asiyeonekana

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini tu alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, huko Dar es Salaam. Mwaka wa 1984 njaa kali ilikuwa ikiua watu Ethiopia. Mwezi wa Oktoba alifika huko na kamera yake pamoja na Michael Buerk, mwandishi wa BBC. Picha zao zilipoonyeshwa Uingereza, zilipokelewa na mamia ya vituo vya televizioni katika dunia yote. Watu walilia, wakatoa mali. Mwezi wa Julai 1985 wanamuziki wakubwa walifanya tamasha la Live Aid ili kukusanya msaada kwa ajili ya wenye njaa.

Tuangalie vizuri jambo hili. Sauti iliyosikika katika habari ile ilikuwa ya Buerk. Amin alikuwa nyuma ya kamera. Wengi waliotoa pesa hawakujua jina lake. Lakini bila macho yake na mabega yake, dunia isingeona kitu.

Mwaka wa 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Amin alipoteza mkono mmoja, na fundi wake wa sauti, John Mathai, alikufa palepale kazini. Amin alipata mkono wa bandia, akarudi kwa kamera. Alikufa tarehe 23 Novemba 1996, wakati ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Mtu aliyepoteza mkono kwa ajili ya kazi, halafu anairudia, anatufundisha nini? Mimi naona hivi: furaha yake ilikuwa katika kitu kilichofika kwa watu. Sifa peke yake haiwezi kumrudisha mtu mahali kama pale.

3. Kazi nzuri inaweza kuharibiwa na mahali pabaya

Katika nchi yetu televizioni ya taifa ilianza Kinshasa mwaka wa 1966. Wazee wetu wanakumbuka namna habari zilivyofunguliwa wakati wa Zaire: uso wa Rais Mobutu unatokea katikati ya mawingu, sawa vile anashuka kutoka mbinguni. Baada ya hapo, mambo ya Rais kwanza.

Fikirini juu ya fundi au mtangazaji wa siku zile. Alikuwa na kazi ya serikali, alijulikana mtaani. Lakini kama aliona barabara imekufa, au walimu hawalipwi, alisema nini? Alinyamaza. Mshahara unaweza kujaza tumbo, lakini mtu anayekatazwa kila siku kusema anachokiona anakuwa mgonjwa wa moyo.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Tangu wakati ule vituo vya watu binafsi vimezaliwa vingi. Vingine ni vya wanasiasa, vingine vya wafanyabiashara, vingine vya makanisa. Mlango umefunguka, ndiyo, lakini ulizo halikuisha. Zamani tuliuliza: Rais anataka tuseme nini? Leo mtumishi wa habari anaweza kuuliza: mwenye kituo anataka tuseme nini? Basi kabla ya kuingia mahali pa kazi, ujue kwanza ni nani mwenye nyumba.

4. Mshahara na ile bahasha

Hapa kwetu kuna neno ambalo kila mtu wa habari analijua: «kupaje». Ni pesa ambazo mwenye sherehe au mwenye mkutano anampa mwandishi ili habari yake ipite. Wanaiita pesa ya usafiri.

Nitasimulia niliyoona kwa macho. Siku moja, katika kijiji kimoja cha jamaa zangu, wazazi walikuwa wamejenga madarasa kwa mikono yao, matofali waliyoyachoma wenyewe. Watu wa kituo kimoja walikuja na kamera. Wazee walifurahi, mama walipika kuku. Jioni wale wageni waliomba pesa. Komite ya wazazi ilikusanya franka kidogo, haikutosha. Tulingoja habari yetu wiki nzima, watu wamejazana kwa jirani kila usiku. Haikupita hata siku moja. Nilikasirika sana.

Lakini baadaye mkubwa mmoja aliniuliza: «Wale vijana, unajua kama walikuwa wanalipwa?» Hapo nilikosa neno. Mtu ambaye halipwi mwisho wa mwezi naye ana watoto na nyumba ya kupanga.

Katika Luka sura ya 3, mstari wa 14, askari walimwendea Yohana Mbatizaji kumwuliza wafanye nini. Aliwaambia wasinyang'anye watu, watosheke na mshahara wao. Neno hili linamgusa sana mtu wa habari. Lakini naona pia upande wa pili: kutosheka na mshahara ni lazima kwanza mshahara uwepo. Mkubwa wa kituo asiyelipa watu wake anawasukuma katika dhambi, halafu anashangaa kwamba habari zinauzwa kama mihogo sokoni. Makosa ni ya wawili.

5. Hatari iko, tusifichane

Serge Maheshe wa Radio Okapi aliuawa Bukavu mwezi wa Juni 2007. Mwenzake Didace Namujimbo aliuawa katika mji uleule mwezi wa Novemba 2008. Hapa Ituri yetu, katika teritware ya Mambasa, Papy Mumbere Mahamba wa redio ya Lwemba aliuawa nyumbani kwake mwezi wa Novemba 2019. Yeye alikuwa akifundisha watu kwa redio namna ya kujikinga na Ebola. Hakuwa na bunduki, alikuwa na mikro.

Kwa hiyo mama yangu anaogopa, na ana haki ya kuogopa.

Lakini sisi wa Nyankunde tujiulize jambo lingine pia. Tarehe 5 Septemba 2002 watu wengi sana waliuawa hapa, na hospitali yetu ya CME iliharibiwa. Wengine walikimbia kwa miguu porini mpaka Oicha. Mimi nilikuwa bado kuzaliwa. Sijaona hata picha moja ya televizioni ya siku zile. Tunayoyajua tumeyapata kwa vinywa vya wazee, na wazee wanakwenda mmoja mmoja. Mahali pasipo na mtu wa habari, watu wanakufa mara mbili: mara ya kwanza kwa silaha, mara ya pili kwa kusahauliwa.

6. Alama tano za mahali pazuri pa kazi

Kwa hayo yote nimekusanya alama hizi. Ziandikeni, zinafaa kwa kazi yoyote:

(a) Mshahara unajulikana na unalipwa siku yake, hata kama ni mdogo.
(b) Mkubwa anakubali mdogo aseme: «Habari hii si kweli, tusiipitishe.»
(c) Kosa linasahihishwa wazi mbele ya watu, halifichwi.
(d) Mtu anayetumwa mahali pa hatari hatumwi peke yake, na ana ruhusa ya kukataa.
(e) Wakubwa wanafundisha wadogo, hawaogopi kwamba watawapita.

Mahali pakikosa moja, unaweza kuvumilia na kusaidia patengenezwe. Pakikosa zote tano, hata ukipewa gari, toka.

7. Njia kwa mtoto wa Nyankunde

Msifikiri ni lazima kuanzia Kinshasa. Ni kweli, shule kubwa ya habari iko huko. Ilianza mwaka wa 1973 kwa jina la ISTI, baadaye ikaitwa IFASIC. Lakini Bunia, karibu kilomita 45 tu kutoka hapa, kuna Radio Candip, iliyozaliwa ndani ya ISP. Radio Okapi nayo, tangu Februari 2002, inasema habari katika lugha tano, Kiswahili kikiwemo. Redio ni mlango mzuri: inafundisha kuuliza, kuandika kwa ufupi na kutamka vizuri. Caddy Adzuba wa Bukavu ni mtu wa redio. Alisema bila kuchoka juu ya mateso ya wanawake wa mashariki, na mwaka wa 2014 alipewa tuzo kubwa huko Hispania. Mtu akijua kusimulia kwa sauti tu, kamera itamkuta tayari.

Kumaliza

Mama bado hajakubali. Tumepatana hivi: nitapita kwanza Egzamedeta, halafu nitaomba kujifunza miezi mitatu katika redio moja ya Bunia, hata kwa kufagia na kubeba nyaya. Nikirudi atauliza tena, «Itakulisha?» Nitamwambia niliyoyaona, mazuri na mabaya, bila kuongeza chumvi. Hiyo nayo itakuwa habari yangu ya kwanza.

Maulizo ya kujibu katika daftari

1. Kama Mohamed Amin angetafuta sifa tu, angerudi kazini baada ya 1991? Eleza.
2. Katika jambo la «kupaje», nani ana kosa kubwa: anayetoa, anayepokea, ama asiyelipa mshahara? Jibu kwa sababu.
3. Chagua kazi unayoitaka. Kati ya alama tano, ipi huwezi kuikosa?
4. Mwulize mzee mmoja wa nyumbani kwenu jambo moja aliloliona mwenyewe Nyankunde. Liandike kwa mistari kumi, bila kuongeza kitu.

Ni mimi, kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho.