Dondoo Muhimu: Kufundisha Lishe kwa Kuonjesha

Ewe uliyepewa dhamana ya kufundisha kikundi cha akina mama, iwe Nyeri, Othaya au Nanyuki, tanguliza tonge, hotuba ifuate.

1. Nunua katika soko la Karatina mboga za managu na terere, pamoja na nduma, wala usilete vyakula ambavyo kesho hawatavimudu.
2. Uliza mapema, kwa adabu na faraghani, nani hudhurika kwa karanga au maziwa.
3. Kila mtu anawe mikono, apewe na kijiko chake.
4. Usichemshe managu hadi yakapondeka ukamwaga maji, kwani vitamini C huondoka nayo.
5. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vitie mafuta kidogo, ili mwili upate vitamini A.
6. Chai usiiandae pamoja na mboga, kosa lililoenea katika nyanda hizi, kwa sababu huuzuia mwili kunufaika na madini ya chuma. Iakhirishe kwa saa moja, na mboga uzikamulie ndimu.
7. Taja faida moja kwa kila tonge.