Kisukari: Safari Ambayo Simu Yaweza Kuipunguza, na Ile Isiyoweza

Mgonjwa wa kisukari anayeishi Kasigau hushuka kwanza hadi Maungu, kisha hupanda gari jingine hadi Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi. Nauli ikikosekana, kliniki nayo hukosekana. Miezi ikipita hivyo, nyayo hufa ganzi, macho hufifia na figo huharibika polepole, mwenyewe asijue.

Je, simu yaweza kumsaidia? Naam, ikitumiwa ipasavyo.

Mnamo Septemba 2023, serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 kote nchini. Mikoba yao ina kipima sukari na kipima shinikizo la damu, na kumbukumbu huwekwa kwenye simu. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Afya ya Kidijitali, inayotambua matibabu ya mbali.

Lakini daktari hawezi kubadilisha dawa kwa kuambiwa tu, "Naendelea vizuri." Mgonjwa awe na daftari lenye mambo matatu. Kwanza, kiwango cha sukari, tarehe na saa. Pili, kama alipima kabla au baada ya kula. Tatu, dawa alizotumia na alizokosa.

Kwa watu wazima wengi, sukari ya asubuhi kabla ya kula inatakiwa iwe kati ya 4 na 7. Ikishuka chini ya 4, mgonjwa anywe maji yenye vijiko vidogo vitatu vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Akizimia, asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali.

Yapo yasiyongojea simu. Kidonda cha mguu, hata kisipouma, kutapika kusikokoma, kupumua kwa kasi au kuchanganyikiwa ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kidonda kilichopuuzwa ndicho huishia mguu kukatwa. Aidha, macho, miguu na figo vikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka.

Nawe msomaji uliye Mombasa au Nairobi, umpigiapo mzazi usiishie kwenye salamu. Muulize: "Mama, sukari ya asubuhi ilikuwa ngapi? Nyayo umezitazama?" Akijibu kwamba ana kidonda, usitume pole pekee. Tuma nauli.