UFA NAO UNASOMWA



Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya nyufa. Tutaanza hapa hapa Sekenke. Halafu tutaona jinsi wataalamu wanavyotumia uzi mwembamba wa kioo kusoma hali ya daraja. Mwisho tutajifunza kufanya kazi ya namna hiyo kwa penseli, rula na daftari.

1. Kitu hutoa habari kabla ya kuanguka

Wachimbaji wadogo wa Sekenke wanaielewa habari hii. Dhahabu imechimbwa hapa tangu wakati wa Wajerumani, na mchimbaji anayeshuka duarani hutazama matimba kwanza. Mti ukielemewa na mzigo hupinda, tena hulia. Mwenye busara akisikia mlio huo hangoji kuambiwa. Anapanda juu.

Nyumba na daraja navyo ni hivyo hivyo. Mzigo ukizidi, au ardhi ikititia, zege na chuma huvutika na kupinda, halafu hupasuka. Tofauti ni kwamba zege halilii kwa sauti ya kumwamsha mtu. Badiliko la kwanza ni dogo kuliko unene wa unywele, na jicho halilioni.

Na sisi tunakaa mahali pa kuangalia sana. Mlima Sekenke ni ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake iko mbuga ya Wembere. Udongo mweusi wa mbugani huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na kuta zilizojengwa juu yake huvutwa huku na huku. Tena barabara kuu ya Singida kwenda Nzega inapita mlimani. Malori mazito yanapanda na kushuka mchana na usiku, na uzito wote huo unabebwa na barabara, makalavati na madaraja.

2. Uzi wa kioo unaopima

Wengi wetu tumesikia habari za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao serikali ilianza kuujenga mwaka 2009. Ndani ya mkongo kuna nyuzi za kioo safi sana, kila mmoja mwembamba karibu kama unywele. Mwanga ukiingizwa upande mmoja hautoki kando. Unagonga na kurudi ndani kwa ndani mpaka upande wa pili, na ndivyo habari zinavyosafirishwa.

Mwaka 1978, nchini Kanada, Kenneth Hill na wenzake waligundua kwamba ndani ya uzi huo zinaweza kuandikwa alama ndogo sana, zilizopangwa kwa nafasi sawa kama mistari ya daftari. Mwanga wa rangi nyingi ukipita, alama hizo hurudisha rangi moja tu na kuziachia nyingine zipite. Rangi ipi itarudi? Inategemea nafasi iliyopo kati ya mstari na mstari.

Sasa basi, chukua uzi huo, ugandishe kwenye nondo au uuzike ndani ya zege. Daraja likivutika, uzi nao unavutika. Nafasi kati ya mistari inapanuka, na rangi inayorudi inabadilika kidogo. Mashine iliyofungwa mwisho wa uzi inalisoma badiliko hilo. Chuma cha urefu wa mita 1 kikirefuka kwa sehemu moja tu ya elfu ya milimita, mashine nzuri inajua. Tena uzi mmoja unaweza kuwa na alama mahali pengi. Kila mahali pana rangi yake, kama vile kila mwanakisomo ana jina lake katika daftari la mahudhurio.

Joto nalo hubadilisha rangi hiyo. Kwa hiyo wataalamu huweka karibu uzi mwingine usioshikana na daraja, upime joto peke yake. Wakitoa hesabu ya joto, inabaki hesabu ya mzigo. Kumbe hesabu za kutoa tulizojifunza darasani zinafanya kazi hata huko!

Mwaka 1993 nyuzi za namna hii ziliwekwa katika daraja la Beddington Trail, mjini Calgary, Kanada. Huko Minneapolis, Marekani, daraja la barabara kuu lilianguka tarehe 1 Agosti 2007 na watu 13 wakafa. Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 2008, na ndani yake viliwekwa vipimo zaidi ya 300, nyuzi za kioo zikiwa miongoni mwake.

3. Kipimo peke yake hakitoshi

Uzi wa kioo hauli kutu, wala haubebi umeme. Lakini unahitaji mashine ya kuusoma, umeme wa kuiendesha na mtaalamu wa kueleza maana yake. Tena uzi hauzibi ufa. Unatoa habari tu, na habari inataka mtu wa kuisikiliza.

Tarehe 23 Aprili 2013, karibu na mji wa Dhaka, nchini Bangladesh, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la Rana Plaza. Mhandisi alisema jengo ni la hatari. Benki iliyokuwamo iliwaondoa watu wake. Lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliamriwa kurudi kazini kesho yake. Asubuhi ya tarehe 24 jengo lilianguka. Watu 1,134 walikufa.

Hapo hakikukosekana kipimo. Ufa ulionekana kwa macho, na ukasomwa. Kilichokosekana ni wenye amri kuyakubali maneno yake.

4. Tufanye nini hapa kwetu?

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini ufa uliozibwa kwa udongo au lipu kabla ya kupimwa umezibwa mdomo tu. Kwanza tuusome, hivi:

(a) Piga mstari wa penseli mwisho wa ufa, juu na chini. Andika tarehe kando yake. Ufa ukivuka mstari, umerefuka.

(b) Weka alama ya msalaba kila upande wa ufa. Pima kwa rula kutoka msalaba hadi msalaba.

(c) Pima kila wiki, saa ile ile. Asubuhi ni bora, kabla jua halijapasha ukuta.

(d) Andika katika daftari. Kwa mfano:

3 Machi, saa 1 asubuhi: milimita 40
10 Machi, saa 1 asubuhi: milimita 40
17 Machi, saa 1 asubuhi: milimita 42

Umeona, ndugu msomaji? Wiki ya kwanza ufa ulilala. Wiki ya pili uliamka.

Ufa wa shule mpelekee mwalimu mkuu na mtendaji wa kijiji, ili habari zifike halmashauri ya wilaya, Kiomboi. Barabara kuu inaangaliwa na TANROADS, na barabara za vijijini ni za TARURA. Baki na nakala, na andika tarehe na jina la aliyepokea. Anayesema "ukuta umepasuka" huambiwa "tutakuja". Mwenye tarehe na milimita ni vigumu kumjibu hivyo.

Angalizo: mlango ukigoma kufunga ghafla, vipande vya lipu vikianguka, au ufa ukipanuka kwa siku moja, msingoje kupima. Tokeni nje, watoto kwanza. Daftari litafuata.

5. Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini tunapima ufa saa ile ile kila wiki?
2. Uzi wa kioo na msalaba wa penseli vinafanana katika jambo gani?
3. Ni jengo gani kijijini kwenu lina ufa? Nani atalipima, na nani atatunza daftari?

Swali la tatu lijibiwe kwa majina, siyo kwa maneno matupu. Kazi ianze wiki hii.