Kuliingiza bao kwenye simu

Kijana wa Kasulu au Kibondo anayetaka kutengeneza gemu ya simu asihangaike kubuni mazimwi. Bao lipo na wachezaji wapo. Anza na daftari: keti kwa wazee wawili waliozoea kufungana, waache wacheze, andika kila wanapobishana. Pale wanapobishana ndipo programu yako itakapokwama.

Uliza kwanza ni bao lipi. Mpaka wa Burundi uko jirani, na mchezaji wa igisoro, bao la huko, hutumia ubao wa mashimo 32 kama sisi, ila kete alizokula huzisambaza kuanzia shimo alilotokea. Wa bao la Kiswahili huziingizia kichwani, pembeni kabisa. Chagua moja. Ukichanganya, pande zote mbili zitakucheka.

Tengeneza bao la kujifunza kwanza: kete 2 kila shimo, zote 64 ubaoni, namua (hatua ya kuingiza kete za mkononi) hakuna. Likienda sawa, ongeza namua: kila mchezaji aanze na nyumba, shimo lake maalumu, yenye kete 6, na kete 22 mkononi. Nyumba ina kazi. Mtu anakula, kete yake ya mwisho inaangukia humo: simu isimame imuulize, unalala (unaishia hapo) au unasafiri (unaendelea kuzisambaza)? Ukiiacha iamue yenyewe, umemnyang'anya uamuzi mtamu kuliko yote.

Mtego mwingine hauonekani kwa macho. Alex de Voogt, Mholanzi aliyewachunguza mabingwa wa bao Zanzibar, alionyesha pamoja na wenzake kwamba kete zikipangika kwa namna fulani, mzunguko hauishi kamwe. Simu itaganda. Weka kikomo cha mizunguko, na wazee wako waamue kikifikiwa iweje.

Halafu usiharakishe. Studio ya Larian ilipotoa gemu ya kompyuta ya Baldur's Gate 3 mwaka 2023, kutoka mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, iliacha dadu izunguke kwenye kioo, ingawa kompyuta ingetoa namba kimyakimya. Kete zako nazo zidondoke moja moja, kwa sauti uliyorekodi kwenye ubao wa mti.

Mpinzani wa kompyuta aje mwisho kabisa. Toleo la kwanza liwe la watu wawili, simu moja katikati yao, lisilohitaji bando, na faili dogo la kurushiana kwa bluetooth.